Nyumba ipo, kazi ipo, ila siku zangu hazina chumvi. Wagosi mnafanyaje?

Mgosi_Stoo
Jumanne, saa 3:40 usiku

Wakuu habari za saa hizi. Nimeandika nikafuta mara tatu maana najua kuna watakaonicheka, ila bora nichekwe kuliko kukaa nalo moyoni.

Mi ni baba wa miaka 41, mke mmoja, watoto watatu, kazi yangu mtunza stoo kwenye ghala moja karibu na bandari hapa Tanga mjini. Mshahara sio wa kutisha ila ukijibana unafika mwisho wa mwezi. Mwaka juzi nilimaliza nyumba Pongwe tukahama Makorora, tulikua tunakaa kwa mzee, vyumba viwili, ndugu kibao, chooni foleni kama ya kupiga kura. Miaka kumi na moja naiota hiyo nyumba yaani nikipata laki nakimbilia tofali, nikipata posho naenda kuulizia bati hata kama najua hela haitoshi. Tukahamia, tukasoma dua, watu wakala pilau wakaenda zao, usiku nikajilaza chumbani kwangu nikasema alhamdulillah nimefika.

Basi tatizo ndo likaanzia hapo hapo. Nimefika halafu nikifika nifanye nini?

Saa kumi na moja alfajiri naamka, nawasha kigari changu (kilishatumika, nilikinunua mwaka jana), saa moja na nusu niko stoo nahesabu mzigo unaoingia nahesabu unaotoka, jioni narudi, nakula, nashika simu, naangalia vivideo vya watu nisiowajua wanacheza na kuanguka mpaka saa tano, nalala. Kesho hivyo hivyo. Juzi nimejaza leja nikaandika tarehe ya wiki iliyopita kurasa nzima na wala sikushtuka mpaka bosi alipokuja kuniuliza, maana kwangu mimi zote naziona moja.

Siumwi, sina deni la kunikosesha usingizi, na mke wangu hatujagombana. Ila samaki wa kupaka nakula kama natimiza wajibu. Zamani pale Makorora Coastal wakifunga bao baraza zima linanyanyuka, kuna mzee mmoja alikua anamwaga kahawa ya watu kila mechi na kila mechi anaapa ni bahati mbaya, sasa hivi naangalia matokeo kwenye simu nasema ee sawa, naendelea kuperuzi. Zamani nikitoka kazini na baiskeli napita pale kona napiga kahawa ya mia mbili na kashata, nachekwa nimefungwa bao la kete sita sifuri, naenda nyumbani. Sasa naingia geti, nafunga geti.

Kilichonisukuma kuandika ni mke wangu, juzi kaniambia "baba fulani siku hizi upo humu ndani kama mgeni, ila mgeni angalau anaongea". Sikuwa na la kujibu.

Naomba mnisaidie, nyie mnapata wapi hamu ya kuamka? Msiniambie nisafiri Dubai tafadhali, hiyo hela sina na nikiwa nayo nitapiga plasta uzio.

---

Tanga_Raha_Zaidi
Jumanne, saa 3:52 usiku

Mgosi hela zimekuzidi hizo, zipunguze uzito nikupe namba yangu 😂😂 Wenzio tunautafuta huo uchovu wa kukaa ndani ya geti tunaukosa.

Utani pembeni lakini pole, mi nikikwama hivyo naendaga zangu Raskazone nikatazame maji. Sijui kama inasaidia ila narudi nimepoa.

---

Mwalimu_wa_Zamu
Jumanne, saa 4:15 usiku

Mtoa mada hauko peke yako na hili jambo limepimwa kabisa, sio la kufikirika. Mwaka 1978 Marekani ulitoka utafiti, waliwahoji watu 22 waliowahi kushinda bahati nasibu kubwa kule jimbo la Illinois wakawalinganisha na majirani wa kawaida ambao hawajashinda kitu. Ungetegemea washindi wawe wanaruka kwa furaha. Hakuna. Kwa jumla hawakuwazidi wenzao kitu cha maana, na kibaya zaidi walipoulizwa kuhusu vitu vidogo vya kila siku, kupiga stori na rafiki, kunywa chai ya asubuhi, kuambiwa kichekesho, kuangalia tivii, wao ndo waliosema vinawapa raha kidogo kuliko wale majirani. Yaani ushindi mkubwa uliwapunguzia utamu wa vidogo. Binadamu anazoea, mgosi. Bati linazoeleka, vigae vinazoeleka, hata mke mzuri (samahani shemeji) anazoeleka.

Halafu kuna ule wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1938, wamefuatilia wanaume 724 tangu ujana mpaka uzee, wapo waliosoma chuoni hapo hapo na wapo vijana wa mitaa ya kimasikini ya Boston, wamepimwa damu, wamehojiwa miaka na miaka. Kilichojitokeza kuwatofautisha waliozeeka vizuri na waliozeeka vibaya sio mshahara wala cheo, ni kama wana watu wa karibu au hawana.

Kwa hiyo ndugu yangu wewe ni kama umeshinda bahati nasibu ya tofali. Fikiria hapo.

---

Binti_Chumbageni
Jumanne, saa 4:33 usiku

Mwalimu kaenda mpaka Boston, mi naishia Makorora tu.

Kaka yangu hebu rudia kusoma ulichoandika mwenyewe. Ukiongelea Makorora kuna mzee anamwaga kahawa, kuna kashata, kuna kufungwa bao, kuna foleni ya choo. Ukiongelea Pongwe kuna geti. Umelitaja kufungua na kufunga basi, hata jirani mmoja hujamtaja. Sasa unauliza chumvi imepotelea wapi?

Mi nina biashara ya vitumbua, sio kubwa, kibaraza cha mbele ya nyumba, saa kumi na mbili asubuhi moto umeshakolea. Kuna siku nataka kulala jamani, mwili hautaki, mvua inanyesha, naamka kwa sababu kuna baba mmoja ni mlinzi anatoka zamu ya usiku anapita kwangu anakula vitatu na chai ya rangi, nisipofungua najua yule kaenda kulala na njaa. Sio kwamba nampenda (msianze), wala hela yake haijengi. Ila ananitegemea. Na siku akipitiliza mpaka saa moja bila kuonekana naanza kuulizia watu. Wewe huko Pongwe nani akuulizie ukichelewa? Mke na watoto sawa, Mungu awatunze, ila mtu anatakiwa ategemewe na watu zaidi ya wa ndani ya geti.

Hapo sijasema urudi kwenye foleni ya choo.

---

Abuu_Twalha
Jumanne, saa 4:50 usiku

Ndugu yangu mshukuru Allah na uzidishe swala na dhikri, hakuna utulivu wa moyo nje ya hapo. Mengine ni mapambo.

---

Mgosi_Stoo
Jumanne, saa 5:05 usiku

Abuu Twalha ahsante kwa nasaha, kiukweli swala sijaacha na Ijumaa sikosi. Ila umenikumbusha kitu, msikiti wa Makorora nikitoka swala ya Isha tulikua tunachukua nusu saa nzima kuagana pale mlangoni, huku Pongwe natoa salamu kulia, natoa salamu kushoto, navaa viatu. Sijui hata jina la aliyekua pembeni yangu na ni mwaka wa pili huu.

Dada wa Chumbageni umenikamata pabaya, nimeenda kusoma tena uzi wangu nimejionea aibu mwenyewe. Mwalimu na ile ya washindi wa bahati nasibu imeniingia, hasa ya chai ya asubuhi.

---

Nesi_Pwani
Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Natoka zamu ya usiku nimechoka ila huu uzi sitaki niupite. Kabla ya yote kaka naomba ujibu haya bila kuona aibu, unalala vizuri au unashtuka saa tisa usiku hulali tena? Chakula unakula kama kawaida? Umepungua uzito? Kuna siku umewaza ni bora usiwepo? Kwa sababu kukosa ladha ya vitu ulivyokua unavipenda, ikiwa kila siku karibu siku nzima kwa wiki mbili na zaidi, na hayo mengine yakiwepo, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, unaenda hospitali unaonana na wa afya ya akili unasaidiwa. Haiponi kwa kuambiwa shukuru au kwa kuambiwa wewe ni mwanaume bwana. Nimeona wanaume wazito wamekaa nayo miaka kisa wanaogopa kuonekana wendawazimu.

Kama ni hapana kwenye yote basi nikupe kitu kimoja tunachokitumia hata kwa wagonjwa. Watu wengi wanasubiri hamu ije ndo wafanye. Mtu akiwa amepoa hivyo hamu haitangulii mbele, inafuata nyuma. Kuna tiba inafanywa haina kidonge hata kimoja, mtu anapangiwa kitu kidogo, siku fulani saa fulani, anakwenda kukifanya hata kama moyo hautaki, anaandika kwenye karatasi kabla alijisikiaje na baada alijisikiaje. Ukimuuliza kabla atakwambia haina maana. Ukisoma karatasi yake baada ya wiki tatu unaona kuna vitu vilimpa afueni na yeye mwenyewe hakujua. Kwa hiyo usikae kutafuta kusudi la maisha kichwani kaka, kichwani humo hamna, chagua kitu kimoja chenye siku na saa.

---

Mgosi_Stoo
Jumatano, saa 2:10 asubuhi

Dada nesi nalala vizuri, nakula, kitambi ndo hicho kinaongezeka, na hilo la mwisho hapana kabisa, haijawahi. Ni kutokuona ladha tu. Ahsante kwa kuuliza, nimeshtuka kidogo kuulizwa maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

---

Mzee_Bamvua
Jumatano, saa 4:45 asubuhi

Salamu kwenu nyote wanangu. Mimi ni mzee wa Mwambani huku, naandika mwenyewe kwa kidole kimoja na mjukuu wangu ananisahihisha, mkiona makosa ni yake.

Kijana wa stoo nimekuelewa kuliko unavyodhani. Nilifanya kazi karakana ya reli miaka thelathini na kitu, nikastaafu, leo ni mwaka wa kumi na moja. Wa kwanza wote nilikaa kwenye kiti. Sio kwamba najisifia kukaa, nilikaa kweli, kiti cha kamba kikachukua umbo langu. Asubuhi kiti nakitoa kivulini upande huu, mchana nakihamishia upande ule, jioni nakirudisha ndani. Marehemu mke wangu akawa anasema nyumbani kwetu jua linazunguka mzee.

Sasa hapa Mwambani, jina lenyewe linakwambia, maji yakikupwa mwamba unatoka nje na watu wanashuka kutafuta pweza. Wengi ni kina mama na vijana. Jirani yangu mama mmoja mtu mzima mwenzangu akanipitia siku moja akaniambia wewe mzee unakufa huku macho yamefumbuka, shika mchokoo (kijiti cha kuchokolea pweza) twende. Nikaenda ili aniondokee. Nilikwenda na ndala, nikakanyaga lile dude la miiba myeusi, nikarudi nimebebwa kama maiti wa vita, watoto wakacheka wiki nzima. Pweza sikumuona. Yeye aliwapata watatu pale pale nilipopita mimi.

Hasira ya hilo ndiyo iliyonirudisha mwanangu, sikwambii uongo kuwa niliona nuru yoyote. Nilitaka kujua yule mama anaona nini nisichokiona mimi. Na nilichojifunza ni kwamba pweza haonekani, anajigeuza rangi akawa jiwe, kinachoonekana ni uchafu wake. Mbele ya tundu lake utakuta maganda ya kaa na chaza aliowala, yamerundikana kama mtu aliyekula barazani akaacha sahani. Ukishajua hilo mwamba wote unabadilika, yaani pale pale ulipopita jana kuna mlango na mtu anaishi. Nimekaa Mwambani toka nazaliwa nikalijua hilo nina miaka sitini na moja!

Lakini ninachotaka kukwambia hasa sio pweza. Wewe umelalamika siku zako zote ni moja. Stoo inafunguliwa saa moja na nusu leo, kesho saa moja na nusu, hata ukifa inafunguliwa saa moja na nusu. Maji hayako hivyo. Maji kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Bamvua, yaani maji makubwa, likiwa kali, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, huku kwetu yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi na saa nne usiku, yanatoka mbali mpaka unatembea ulipokuwa unapita mtumbwi. Wiki moja mbele ni maji mafu, hayajai sana hayatoki sana, mwamba hauonekani, unakaa nyumbani unashona wavu au unalala. Halafu bamvua linarudi. Kwa hiyo hakuna kesho ya kwangu inayofanana na leo hata nikitaka. Kila siku lazima niulize: leo saa ngapi?

Nikaanza kuandika kwenye kaunta buku. Tarehe, mwezi una siku ngapi, maji yamekupwa saa ngapi, upepo kusi au kaskazi, nimeona nini. Sasa hivi niko daftari la nne. Nilikuwa najiandikia mwenyewe, lakini kina mama wakajua, ikawa jioni wanapiga hodi, "mzee kesho saa ngapi?" Wenye ngalawa wanapiga simu. Watoto wa shule Jumamosi wanakuja kuuliza kama wanaweza kushuka. Mimi ambaye nilikuwa nafuata kivuli na kiti, nimekuwa saa ya mtaa. Nikiumwa siku mbili watu wanagombana pwani, wengine wamewahi wengine wamechelewa.

Mke wangu amefariki miaka minne iliyopita. Siku ya tatu baada ya mazishi bado watu wamejaa nyumbani, yule mama jirani akanifuata taratibu akaniuliza kesho saa ngapi mzee. Watu wakamkodolea macho, wakaona hana adabu. Nikaingia ndani nikachukua daftari. Mpaka leo sijapata mtu aliyenipa pole kuzidi ile.

Dada wa vitumbua kasema mtu ategemewe. Kasema kweli. Mimi nakuongezea, tafuta kitu kisichofuata saa ya bosi wako.

---

Boda_Kange
Jumatano, saa 7:30 mchana

Shikamoo mzee, stori nzuri sana na pole kwa mama. Ila jamani tuambizane ukweli, hizi habari za kutafuta furaha ni za walioshiba. Mi niko stendi ya Kange toka saa kumi alfajiri, pikipiki ya mtu, hesabu ya bosi lazima itimie, nikirudi saa nne usiku mgongo hauna mwenyewe. Mzee ana mafao, mtoa mada ana nyumba na gari. Furaha yangu mimi hesabu ikitimia saa kumi jioni, basi, hapo ndo nasikia raha mpaka vidoleni. Mkinipa kaunta buku niandike maji ntaandika deni.

---

Mzee_Bamvua
Jumatano, saa 9:15 alasiri

Marahaba mwanangu. Hesabu ya bosi ni hesabu, sikupingi hata kidogo, na mtu mwenye njaa asiambiwe akatazame bahari. Mafao yenyewe ungeyajua ungecheka, mimi pweza nauza, siendi kutalii. Ila umesema kitu, hesabu ikitimia saa kumi unasikia raha mpaka vidoleni. Huyu mwenzio nyumba nzima imetimia na hasikii kitu. Kwa hiyo wewe unacho alichokipoteza yeye, tena umekitaja mwenyewe.

---

Boda_Kange
Jumatano, saa 9:22 alasiri

Haya mzee umenifunga sita sifuri. Ila ukipata pweza mkubwa nishtue, supu yake hapa kijiweni tunaielewa vizuri sana 😂

---

Nesi_Pwani
Jumatano, saa 9:40 alasiri

Nilijua tu lazima tufike kwenye supu.

---

Mgosi_Stoo
Jumapili (siku kumi na moja baadae), saa 2:20 usiku

Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya, nilisema sitaandika mpaka nifanye kitu maana kuongea naweza sana.

Jumamosi iliyopita nilienda Makorora kuchukua baiskeli yangu, Phoenix ile ya kizamani, ilikua imeegeshwa uani kwa mzee imekaliwa na kuku. Nikaikokota mpaka kwa fundi, tairi zote zimekufa, cheni kutu, spoku nne hamna, fundi kaiangalia kaniangalia akasema hii bora ununue mpya mgosi. Nikamwambia tengeneza. Wakati anatengeneza nikaenda barazani pale kona nikijua leo ndo leo.

Wakuu nisiwafiche, baraza halipo. Yaani lipo, benchi lipo, ila yule mzee wa kumwaga kahawa amehamia kwa mwanae Korogwe, wawili wamefariki na mmoja nilikua sijui kabisa kama kafariki, waliobaki ni vijana wamekaa wameinamia simu kila mtu na yake, bao lenyewe limewekewa sufuria la maharage. Nilikunywa kahawa nikaondoka. Nilisikia vibaya hiyo siku kuliko kabla sijaandika uzi, nikataka kuja kuwalaumu humu. Baiskeli nimeiendesha mpaka Pongwe nikafika nimelowa magoti yanalia, mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, sijui mara ya mwisho alinicheka hivyo lini.

Sasa jana. Nilihesabu siku za mwezi kama alivyosema mzee nikaona ni bamvua, nikampigia mtu mmoja wa Mwambani kuulizia, akasema njoo saa tatu na nusu. Nikamchukua binti yangu wa pili ana miaka kumi na moja, huyo ndo mwenye maswali, wengine waligoma kuamka. Tumevaa raba za zamani (mzee nimezingatia). Tumeshuka na maji yanatoka, jamani mi mtoto wa Tanga miaka yote hii nilikua natazama bahari kama ukuta, sijawahi kuona inavyovuliwa nguo. Mtoto kila hatua baba hiki nini, baba huyu yuko hai, baba kwanini huyu ana mikono mitano, nusu ya majibu sina nikawa natunga akanikamata. Pweza hatukumpata. Tumeona rundo moja la maganda kama alivyoeleza mzee, mbele ya tundu kabisa, binti akalala kifudifudi kwenye maji anachungulia dakika kumi nzima, mama mmoja akapita akatuambia huyo ametoka jana nimemla mimi.

Njaa ikatushika, tumekula mihogo ya kuchoma pale njiani na pilipili ya kusaga, nikagundua nakula kwa pupa kama mtoto.

Sitaki kusema nimepona au maisha yamebadilika, kesho Jumatatu stoo iko pale pale saa moja na nusu. Ila leo alfajiri saa kumi na mbili kasoro mtu ananitingisha bega kitandani, nikadhani kuna mgonjwa, kumbe ni yeye kasimama na raba mkononi, "baba leo maji saa ngapi?" Nikamwambia jana ilikua saa nne kwa hiyo leo... nikajikuta nahesabu vidole gizani. Nikamwambia leo tuna msiba wa shangazi hatuendi, akanuna mpaka mchana, akachukua daftari lake la hisabati akachora mistari anaandika jana saa ngapi leo saa ngapi, kaacha nafasi ya wiki nzima, anasema zijazwe.

Mzee Bamvua shikamoo, naomba unisaidie, Jumamosi inayokuja ni saa ngapi? Maana kanikomalia na mi nimeshaahidi kwa jirani wa nyumba ya pili (eeh, nimemjua jina) kwamba tutaenda na mwanae.

---

Mzee_Bamvua
Jumapili, saa 2:55 usiku

Marahaba mwanangu. Jumamosi inayokuja ni maji mafu, mwamba hautoki, mtarudi mmelowa bure. Mwambie mjukuu wangu asubiri Jumamosi ya pili yake, mida ya saa nne hivi, na siku mbili kabla nipigie hodi humu humu nitazame daftari nikupe saa kamili. Huyo mtoto wa jirani naye avae viatu.